Garimoshi la Bati: Vipuri Vidogo Vyenye Historia Kubwa ya Kisumu

Mji wa Kisumu uliletwa vipande vipande. Sisemi hivyo kwa kuudharau mji wetu huu wa kando ya ziwa, la hasha! Nasema hivyo kwa sababu karibu kila chombo kilichoufanya uwe mji kilifika hapa kikiwa kimefunguliwa, kikashushwa na kuunganishwa upya ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Reli yenyewe ilitandazwa pande kwa pande na taruma kwa taruma kutoka Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, ikafika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na Bibi Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji, ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Wakati huo mahali hapa paliitwa Port Florence. Nyuma ya msumari huo kulikuwa na makaburi ya vibarua wapatao 2,500, wengi wao watu waliotolewa Bara Hindi.

Meli nazo zilikuja vivyo hivyo. SS William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikapakiwa kwa vipande hadi Mombasa, na ikateremshwa majini hapa Kisumu mwaka 1900, hata kabla reli haijafika. MV Victoria, iliyoanza safari zake mwaka 1961, ilipita njia hiyo hiyo. Kadhalika MV Uhuru na MV Umoja za miaka ya katikati ya 1960, zile meli pana ambazo mabehewa ya treni huingia juu ya sitaha yake kwa reli na kuvushwa ziwa. Kila bamba la chuma lilipewa alama yake ili fundi wa huku ajue linakaa wapi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa mji mzima uliweza kuunganishwa kwa namna hiyo, usishangae ukisikia kwamba kuna watu wazima, wenye wake na watoto, ambao jioni zao huzimaliza wakiunganisha magarimoshi ya bati yenye urefu usiozidi mkono wa mtu. Mimi ni mmoja wao. Nimekwisha kuitwa majina mengi kwa ajili ya kazi hii, na la upole kuliko yote ni "mzee anayecheza".

SI MCHEZO WA JUZI

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Hakuna kijiji cha Nyanza ambamo watoto hawajui kukunja waya kuwa gari. Waya wa ua, vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu kuwa magurudumu, ukanda wa mpira wa tyubu, mti mrefu wa kusukumia, na dereva yuko tayari kwenda Nairobi. Mtoto wa Kibos au Miwani, aliyekua akisikia treni ikipita katikati ya mashamba ya miwa, aliongeza kopo moja nyuma ya jingine na kusema, "Hili si gari, hili ni treni."

Tofauti ya mfano wangu na wa mtoto huyo ni moja tu. Mtoto anataka kitu kiende. Mimi nataka kitu kiseme kweli. Na ukweli wa garimoshi, kama nilivyojifunza kwa miaka mingi, haukai kwenye tumbo lake kubwa la chuma ambalo kila mtu analiona. Unakaa kwenye vitu vidogo: filimbi, taa ya mbele, kishikio cha kupandia, ngazi, bomba la mchanga, kibao cha namba. Ukiviacha, umetengeneza kopo lenye magurudumu.

Mfano ninaoufanyia kazi sasa ni wa injini ya mvuke namba 3123, iitwayo Bavuma, ambayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971. Injini za darasa la 29, 30 na 31 za East African Railways zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Bavuma ni watu wa visiwa vya Buvuma, upande wa Uganda wa ziwa letu hili. Nilivutiwa na jambo hilo: jina la watu wa mitumbwi limepigwa kwenye ubavu wa mtambo wa nchi kavu. Nilikwenda na tepu ya kupimia, daftari na penseli, nikazunguka injini hiyo siku nzima.

Mimi hutumia kipimo cha moja kwa hamsini, kwa sababu ni rahisi kichwani. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwenye mfano huwa sentimita mbili. Dereva wa futi tano na nusu huwa na kimo cha sentimita tatu na kitu. Kishikio cha chuma chenye unene wa sentimita tatu kinakuwa waya usiofika milimita moja. Filimbi ambayo sauti yake ilisikika kutoka Kibos hadi mjini inakuwa kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta gundi, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

DOHANI YA MWAKA GANI?

Kabla ya kubandika kitu chochote, lazima ujue unabandika nini. Kwa jambo hili mwalimu wangu ni mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alikuwa fayaman wa injini za mvuke kati ya Nakuru na Kisumu. Sitalitaja jina lake, kwani hapendi makuu. Nilimpelekea mwili wa injini ukiwa mtupu, na dohani mbili mkononi.

"Jaduong'," nilimwambia, "nimekuja uniambie niweke ipi."

Alizichukua zote mbili, akaziweka kwenye kiganja chake na kuzitazama kwa muda mrefu. Moja ilikuwa ya duara. Nyingine ilikuwa nyembamba na ndefu, kama sanduku lililobanwa mbavu.

"Unataka injini ya mwaka gani, nyathina?" akaniuliza.

Swali hilo lilikuwa na uzito wake. Miongoni mwa injini za mvuke za Afrika Mashariki zipo nyingi ambazo dohani zake za duara ziling'olewa na kuwekwa hizi nyembamba, zilizobuniwa na mhandisi wa Austria aitwaye Giesl, ili mvuke utokao uvute moto vizuri zaidi na mafuta yasipotee bure. Kwa hiyo dohani ni tarehe. Ukiweka dohani ya duara juu ya injini yenye namba na rangi za miaka ya baadaye, umesema uongo, hata kama mtu mmoja tu katika mji mzima ndiye atakayeutambua.

Mzee aliendelea kuizungusha injini. "Na masanduku ya mchanga yako wapi?" akauliza. Nikamwonyesha mahali nilipopaweka alama. Akafurahi. Akaanza kunisimulia juu ya mlima wa Mau.

Msomaji aliyewahi kupanda treni ya Kisumu anajua kwamba kutoka ziwani njia inapanda bila huruma. Inapita Muhoroni, Koru na Fort Ternan, inavuka mabonde juu ya madaraja marefu ya chuma, na inafika Mau Summit kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, wakati Kisumu yenyewe iko kwenye mita 1,100 na ushei. Wakati wa mvua, reli ikiwa na utelezi, magurudumu ya injini yalikuwa yakizunguka bure kama miguu ya mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Dawa yake ilikuwa mchanga mkavu. Dereva alifungua kilango, mchanga ukashuka kwa vibomba vyembamba mpaka mbele ya magurudumu, na chuma kikashika chuma.

"Bila kibomba hiki," mzee alisema, akigusa waya wa unene wa uzi niliokuwa nimeukunja, "Kisumu ingekula nini? Mizigo ingelala Fort Ternan."

Tangu siku hiyo sijawahi kuviita vitu hivi mapambo. Kila kimoja kipo kwa sababu kuna kazi ilifanywa nacho, na kila kazi ilikuwa na mtu wake.

Hata msumari mmoja wa reli una habari yake. Wanandi, ambao reli ilipita kando ya ardhi yao, walipigana na Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1905, mwaka ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa. Katika miaka hiyo walikuwa wakichukua nyaya za simu na kuzifanya mapambo ya mwilini, na vyuma vya reli wakavifua kuwa silaha. Serikali ya kikoloni iliuita huo wizi. Wanandi waliona kwamba njia imepita mlangoni pao bila kubisha hodi. Kila nikatapo kipande cha waya wa shaba kwa ajili ya kishikio, huwakumbuka.

GUNDI ZINA TABIA ZAO

Sasa tuje kwenye gundi yenyewe, maana najua wapo vijana wanaosoma hapa huku kiberiti na kopo la mafuta ya kupikia viko tayari mezani.

Watu wengi hudhani gundi ni gundi, kama vile maji ni maji. Sivyo hata kidogo. Gundi zina tabia zao kama wanadamu, na anayezichanganya hujuta.

Gundi nyeupe ya seremala ni mpole na haina haraka. Inanywewa na mti, karatasi na mafunjo, na huko inashika barabara. Lakini bati halinywi kitu. Ukiiweka gundi hiyo kwenye bati, itakauka kama ngozi ya maziwa na kubanduka nzima nzima. Hata hivyo ninayo kazi moja ya kuipa: ncha ya sindano ikichovywa humo na kuguswa kwenye bati safi huacha tone dogo la mviringo, na matone hayo yakipangwa kwa mstari na kupakwa rangi juu yake, yanafanana na ribiti. Injini ya mvuke ina ribiti nyingi, na macho ya mtu huzitafuta hata bila mwenyewe kujua.

Supa gluu ni mtu wa hasira. Mwaka 1942 huko Marekani wakemia wa kampuni ya Kodak walikutana na kemikali yake wakiwa wanatafuta plastiki angavu, wakaitupilia mbali kwa sababu ilinata kila mahali. Ilichukua mpaka mwaka 1958 ndipo ikaanza kuuzwa madukani. Gundi hii haikauki kwa jua, bali huganda kwa unyevu. Ule unyevu mdogo ulioko hewani na juu ya kitu unatosha kuigandisha. Sisi wa kando ya ziwa, wenye hewa nzito yenye maji, tunaiona ikishika upesi kuliko inavyoshika mahali pakavu. Haikupi nafasi ya kufikiri. Kipande kikikaa upande, kimekaa upande.

Tena ina kasoro tatu. Kwanza haipendi nafasi: inataka vitu viwili vigusane kabisa, na tone kubwa hushika vibaya kuliko tone dogo. Pili ni ngumu lakini ni dhaifu kwa kupigwa: ukiudondosha mfano sakafuni, filimbi itaruka. Tatu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na kama umekwisha kuweka vioo vya plastiki kwenye kibanda cha dereva, vitaingia mtoto wa jicho. Kwa hiyo vioo huwekwa mwisho kabisa, tena kwa gundi nyeupe ya seremala ambayo haina mvuke huo.

Araldite na wenzake, wale wa mirija miwili inayochanganywa, ni watu wazima. Unakamua sawa kwa sawa, unachanganya juu ya kipande cha kigae, unabandika, kisha unaondoka. Ile ya polepole huiachi chini ya usiku mmoja. Lakini inajaza nafasi, inavumilia kugongwa, na inashika bati na shaba pamoja. Dohani, sanduku la mchanga na taa kubwa mimi huvifunga kwa hiyo.

Halafu kuna lehemu, ambayo si gundi bali ni babu yake. Mafundi wa bati wa soko la Kibuye, wanaotengeneza koroboi na mabeseni, hupasha nyundo ya shaba kwenye jiko la makaa, wanapaka dawa, wanayeyusha risasi, na kiungo kinakuwa kitu kimoja. Chochote kitakachovutwa, kama kulabu za kuunganishia mabehewa, kilehemiwe. Gundi ni ya vitu vinavyotazamwa, lehemu ni ya vitu vinavyofanya kazi.

KAZI ILIYOPANGWA HAICHELEWI

Kosa linaloharibu mifano mingi si la gundi, ni la mpangilio. Lehemu ije kwanza, gundi ije baadaye, kwa kuwa moto wa lehemu huyeyusha gundi yote iliyo jirani. Vikubwa vitangulie, vidogo vifuate. Vya ndani vitangulie vya nje. Vishikio na ngazi viwe vya mwisho, maana ni vyembamba na kila kidole kinachopita huvipinda.

Bati la kopo lina mafuta na lina rangi. Lioshwe kwa sabuni, likaushwe, kisha lipanguswe kwa spiriti. Mahali pa kubandika pakwanguliwe rangi mpaka chuma king'are, halafu pasuguliwe kwa msasa ili pawe na mikwaruzo. Anayebandika juu ya rangi amebandika kwenye rangi, hakubandika kwenye bati. Rangi ikibambuka, kipande kinaondoka nayo, na mwenyewe analaumu gundi.

Kwa vishikio, gundi peke yake haifai. Toboa vitundu viwili kwa kekee ya mkono, kunja waya uwe na miguu miwili, ipitishe ndani, kisha gusa kwa gundi upande wa nyuma usioonekana. Miguu ndiyo inayobeba, gundi inazuia tu isitoke. Gundi usiimwage kutoka kwenye chupa. Weka tone juu ya kipande cha plastiki na ulichote kwa mwiba au kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa. Kwa kushikilia, vibanio vya nguo na vipande vya mpira wa tyubu vinatosha. Rangi ya mwisho kwa injini za East African Railways ni damu ya mzee, na ipakwe nyembamba mara mbili, isije ikazifunika ribiti ulizozitaabikia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka mgongo ukalalamika, lakini filimbi haikuwahi kujibandika yenyewe.

GUNDI NYINGINE YA KISUMU

Hapa sina budi kusema jambo ambalo si la furaha. Msomaji atakuwa ameona kwamba kuna gundi moja sijaitaja, nayo ndiyo inayojulikana kuliko zote katika miji yetu. Ni ile ya mafundi viatu, ya rangi ya asali, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isishike kidole ndipo igandamizwe. Ni gundi nzuri kwa ngozi na mpira. Naweza kuitumia kubandikia turubai la behewa. Siitumii, na chupa yake haiingii chumbani mwangu.

Sababu anaijua kila mtu aliyewahi kupita mjini usiku. Kuna watoto wanaolala barazani wakiwa na vichupa vya plastiki puani. Kinachowalevya ni viyeyushi vinavyoruka kutoka kwenye gundi hiyo, na viyeyushi hivyo haviishii kwenye kulevya. Vinaharibu ubongo, mapafu na figo, na vinaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mtoto hunusa ili asisikie njaa wala baridi, na baada ya muda hasikii hata jina lake likiitwa.

Mvulana mmoja wa namna hiyo, nadhani alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alianza kuja dirishani kwangu jioni. Mwanzoni nilidhani anazitazama injini. Baadaye niliona macho yake yanakwenda kwenye mirija. Aliniuliza kwa adabu, "Baba, ile iliyobaki unaitupa wapi?"

Ningeweza kumfukuza. Jirani zangu walinishauri hivyo, wakisema ataniibia. Ningeweza pia kumhubiria, lakini mtoto mwenye njaa hahubiriwi. Nilifanya kitu cha tatu. Kila chenye harufu nilikifungia kabatini kwa kufuli, nikatoka nje na koleo, waya wa shaba na kopo tupu, nikamwambia, "Mwanangu, leo tutatengeneza treni ambayo haina hata tone moja la gundi."

Tulikaa kibarazani. Nilimwonyesha jinsi bati linavyokatwa na kuachiwa vimeno, vimeno vikapitishwa kwenye tundu na kukunjwa upande wa pili. Jinsi waya unavyozungushwa mara tatu na kukazwa. Jinsi kishikio kinavyobanwa kwa ncha zake zenyewe. Mikono yake ilitetemeka mwanzoni. Ilipofika jioni ya tatu ilikuwa inatetemeka kidogo zaidi ya yangu tu, na mimi ni mtu wa miwani.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba treni ya waya huponya. Mtoto yule alihitaji chakula, mahali pa kulala na mtu wa kumwita kwa jina, na vitu hivyo havitengenezwi kwa koleo. Zilipita siku asionekane, kisha akarudi akiwa amelewa, nikakaa naye vile vile. Baadaye fundi mmoja wa bati kule Kibuye alikubali ashinde kwake akinyoosha waya na kukwangua makopo, kwa sahani ya chakula cha mchana na senti kidogo. Huko wanatumia lehemu, hawatumii gundi. Mpaka ninapoandika haya bado anakwenda. Si kila siku, lakini anakwenda. Treni yake ya vimeno iko rafuni mwangu, kwa sababu alisema kule anakolala itaibwa.

Wapo watakaoniuliza, basi mbona unaendelea na mchezo wa gundi? Jibu langu ni kwamba kisu hukata kitunguu na hukata mtu. La lazima ni kujua kiko mkononi mwa nani. Ewe fundi viatu, na wewe mwenye duka, usimkamulie mtoto gundi kwa shilingi chache. Unajua haendi kubandika kiatu, maana miguu yake ni mitupu.

KILICHOBAKI CHA MVUKE

Wengine huniuliza faida ya kazi hii. Nami huwaambia waende Nairobi wazitazame injini zilizobaki. Zile kubwa za darasa la 59, zilizopewa majina ya milima, zilikuwa 34, kila moja na uzito wa tani zipatazo 250. Hazikuwa na mshindani duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Leo katika makumbusho zimo mbili, Mount Gelai na Mount Shengena. Nyingine zote zilikatwa zikauzwa kama chuma chakavu. Shirika lenyewe la East African Railways lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule.

Hapa kwetu nako treni ya abiria iliwahi kukoma kwa miaka mingi mpaka iliporudi mwezi wa Desemba 2021. Vijana waliozaliwa katika kipindi hicho walikua wakiiona reli kama njia ya mbuzi na mahali pa kuanikia nguo. Ukimwambia mmoja wao kwamba mji huu ulikuwa ukiamka kwa filimbi, atakutazama kama unayesimulia hadithi za sungura na fisi.

Mzee wangu wa reli hana picha ya injini aliyoifanyia kazi. Alichonacho ni kichwa chake, na kichwa cha mwanadamu hakihifadhiwi makumbusho. Nilipompelekea Bavuma ikiwa imekwisha kuwekwa dohani, masanduku ya mchanga na vibomba vyake, alivaa miwani, akainyanyua mpaka karibu na pua. Alihesabu ngazi. Akapitisha ukucha juu ya kishikio cha upande wa fayaman, taratibu, bila kukipinda.

"Hiki kilikuwa kinaunguza," akasema. "Tulikuwa tunakishika kwa kitambaa."

Jambo hilo silijaliona limeandikwa katika kitabu chochote nilichosoma. Liko sasa katika daftari langu, kwenye ukurasa wa vishikio, na mfano wangu una kipande cha uzi mwekundu kilichofungwa kwenye waya huo, urefu wa milimita nne, kwa tone moja la gundi nyeupe.

Ninawaomba walimu wa shule zetu za Nyanza wawapeleke watoto kwa wazee hawa wangali hai, wakiwa na daftari na kopo tupu. Wawaulize kitu kimoja kimoja: hiki kilikuwa cha nini, kilishikwa namna gani, kilipoharibika nani aliamshwa usiku? Watengeneze walichoambiwa, kwa bati, kwa waya, kwa udongo au kwa mafunjo ya Dunga. Wakitumia gundi, waitumie nje penye hewa, mbali na jiko, chini ya jicho la mtu mzima. Na nyinyi wenye baba na babu waliofanya kazi relini au kwenye meli, ule mkoba wa zamani ulio chini ya kitanda msiutupe kabla ya kuufungua. Huenda mna ratiba, kitambulisho, au kitufe cha shaba cha koti la gadi.

Haba na haba hujaza kibaba. Mji wetu ulijengwa kwa vipande vilivyotiwa alama, na kila kipande kilijulikana mahali pake. Tukianza sasa kuviokota vilivyobaki na kuviandika majina, watakaotufuata watajua pa kuvibandika.